Deni la Benki Hulipwa na Nani?

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo ni kweli, lakini msomaji mwenye kufikiri hana budi kuuliza swali la pili: ni nani atakayeinywa dawa hiyo? Katika historia ya benki za nchi yetu, mara nyingi aliyeugua alikuwa mmoja, na aliyekunywa dawa alikuwa mwingine.

Tarehe 19 Juni 1968 Serikali ya Kenya iliunda Benki ya Taifa ya Kenya. Zama hizo benki kubwa zilikuwa mikononi mwa wageni, na nia ya Serikali ilikuwa njema, yaani mwananchi apate mkopo, na fedha za nchi ziongozwe na wenye nchi. Mali yote ya benki hiyo ilikuwa ya umma.

Mwaka 1994 Serikali iliwauzia watu hisa milioni 40, na mwaka 1996 ikauza milioni 40 nyingine. Hisa ziliuzwa, lakini mzigo haukuuzwa. Benki ilikuwa imekopesha fedha nyingi, hata kwa mashirika ya umma ambayo Serikali yenyewe iliyadhamini, na madeni mengi hayakulipwa. Mwaka 1998 habari zilipoenea, wenye amana walikimbilia kutoa fedha zao, na benki ikawa karibu kuanguka.

Serikali ikaingia kuiokoa. Usidhani, msomaji, kwamba ilikosea kwa kila njia. Benki ikianguka, mwenye duka na mjane mwenye akiba ndogo huumia kwanza, na hofu huruka kutoka benki moja hadi nyingine kama moto wa nyasi kavu. Lakini fedha za kuokolea hazishuki kutoka mbinguni. Mwaka 2007 Serikali ilitoa hati za dhamana za shilingi bilioni 20 ili kufunika madeni mabovu iliyoyadhamini. Hati ya dhamana ni ahadi ya kulipa, na mlipaji wake ni mtoa kodi. Kadhalika NSSF, hazina ya akiba ya wafanyakazi, ilikuwa na karibu nusu ya hisa za benki. Hivyo hasara ya benki ilikuwa pia hasara ya uzee wa dereva na mpishi wa hoteli. Mwaka 2019 benki ilichukuliwa na KCB, na mwenye hisa kumi akapewa moja ya KCB. Mwaka 2025 KCB nayo ikaiuza kwa Access Bank ya Nigeria.

Sasa tuitazame Isiolo. Mwaka ule ule wa 1968 ulipoanza, vita vya Shifta vilikuwa vimekoma katika mwaka uliotangulia tu, na familia nyingi za Waborana wa Garba Tulla na Merti zilikuwa zimepoteza ngamia na ng'ombe wao. Hawakuandikiwa hati za mabilioni. Walikuwa na desturi yao iitwayo busa gonofa, ambayo kwayo ukoo humkusanyia mifugo mtu aliyefilisika ili aanze upya. Wazee husikiliza habari za msiba, kisha kila mwenye mali hutoa sehemu yake mbele ya watu. Anayetoa anajua ametoa nini, na anayepokea anajua amepokea kwa nani.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Mfugaji anunuapo sabuni au kiberiti katika soko la Isiolo hulipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo huenda kulipia madeni ya Serikali, pamoja na yale yaliyotokana na watu waliokopa wasilipe. Yeye hakukopa, hakualikwa kwenye baraza, wala hakuambiwa kiasi alichotoa. Faida ilikuwa na wenyewe wanaojulikana, bali hasara iligawanywa kimya kimya kwa wote.

Basi, msomaji, usisikie kwamba benki imeokolewa au imeuzwa ukaridhika na habari hiyo tu. Uliza nani alikopa, nani alidhamini, na mzigo umewekwa mgongoni mwa nani. Taifa lisilouliza maswali hayo hulipa deni lile lile mara ya pili.