Slum: Chumba Kilichogeuka Hukumu

Neno "slum" lilizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19, katika misimu ya wezi, likimaanisha chumba tu. Baadaye likatoka chumbani likaingia vichochoroni, kisha likawa jina la mtaa mzima wa mafukara. Lilipofika Nairobi lilikwisha kubeba maana ya pili: uchafu, uhalifu na watu wasiofaa. Kwa Kiswahili tukasema "mtaa wa mabanda", nasi tunajua banda ni la kuku na ng'ombe. Neno hili huonyesha sura ya mahali na kuficha historia yake. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi inayobandikwa jina hilo moja, ni ushahidi.

Kibera ni Kibra, yaani "msitu" kwa Kinubi. Askari Wanubi wa King's African Rifles walikalishwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza zaidi ya ekari 4,000 kuwa eneo la jeshi. Hati haikuwapa, iliwahesabu kuwa wakazi kwa hisani ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ardhi ikabaki ya serikali. Anayeweza kubomolewa kesho hajengi kwa mawe, hivyo kuta za udongo na mapaa ya bati ni hesabu ya busara. Hati ya jamii ya Wanubi ilitoka mwaka 2017, kwa ekari 288 pekee. Kawangware, jirani ya Lavington, ilikuwa katika eneo lililotengewa Wakikuyu. Familia zenye mashamba yao zilijenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa mjini. Huko mwenye ardhi anajulikana. Asiye na kinga ni mpangaji. Dawa ya Kibera haitaiponya Kawangware.

Wapo watakaosema neno hili lina faida: UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi, limeliwekea vigezo vya maji, vyoo, nafasi, nyumba imara na usalama wa umiliki. Ni kweli, na vigezo hivyo vinafaa kwa sababu vinataja kinachokosekana. Neno lenyewe halitaji. Lilivuma hadi Kibera ikasemwa ina watu milioni moja, ilhali sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Basi turudi neno lilikoanzia, chumbani, tuulize: kimejengwa juu ya ardhi ya nani, kodi yake humfikia nani, na anayelala humo analindwa na sheria gani?