Kesi ya Sabato ya Chuo Kikuu cha Makerere

Kesi ya Sabato ya Chuo Kikuu cha Makerere ni shauri la kikatiba lililofunguliwa nchini Uganda mwaka 2003 na wanafunzi watatu Waadventista Wasabato dhidi ya chuo chao. Walidai kwamba kuweka masomo na mitihani siku ya Jumamosi kunavunja uhuru wao wa kuabudu. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka huohuo, na rufaa yao ilikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2006.

Chanzo

Kwa Wasabato, Sabato huanza jua linapotua Ijumaa na kwisha linapotua Jumamosi. Katika muda huo muumini huacha kazi zake za kawaida, na kwa wengi wao mtihani ni kazi. Makerere, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1922, kina kanisa la Kianglikana, kanisa Katoliki na msikiti. Hivyo mgogoro haukuhusu mahali pa kusali, bali ratiba.

Hoja za pande mbili

Wanafunzi walitegemea Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, hasa ibara ya 29 inayolinda uhuru wa dini na ibara ya 30 inayotoa haki ya elimu. Walisema wanalazimishwa kuchagua kati ya imani yao na masomo.

Chuo kilijibu kwamba ni taasisi isiyo na dini, yenye wanafunzi na wafanyakazi wa imani mbalimbali, na kwamba uchache wa nafasi na walimu unakilazimu kutumia hata siku za mwisho wa juma.

Hukumu

Mahakama ziliona kuwa utaratibu wa chuo haukuvunja Katiba. Ibara ya 43 huruhusu haki ya mtu kuwekewa mipaka kwa ajili ya haki za wengine au masilahi ya umma.

Vyuo vya Kiadventista

Kanisa la Waadventista lina vyuo vikuu vyake, kama Bugema nchini Uganda, Baraton nchini Kenya na Chuo Kikuu cha Arusha nchini Tanzania, ambako Jumamosi hakuna masomo. Hata hivyo, havina kozi zote zinazopatikana katika vyuo vikubwa vya umma. Kwa Msabato anayetaka kozi isiyokuwepo huko, swali la mwaka 2003 bado lipo.