Mkimbiaji na mkimbizi: mbio ya Russ Cook toka Agulhas mpaka Ras Angela

Historia si mambo ya wafalme na wakoloni tu. Leo ninawaletea moja ya juzi juzi, yenye ilipita hata katika inchi yetu.

Tarehe 22 Aprili 2023, kijana mmoja Mwingereza, Russ Cook wa mji wa Worthing, alianza kukimbia toka Cape Agulhas, ile ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Alitaka kufika Ras Angela, Tunisia, ncha ya kaskazini. Kusudi yake ilikuwa kuchangisha pesa kwa mashirika mawili. La kwanza ni The Running Charity, linalosaidia vijana wasio na makao kule Uingereza kwa njia ya mbio. La pili ni Sandblast, linalofanya kazi na Wasahrawi, wenyeji wa Sahara Magharibi.

Watu mingi wanajua namna alimaliza. Namna alianza, wachache tu. Mpango wa kwanza ulikuwa kinyume: aanzie Tunisia, ashuke mpaka kusini. Lakini visa ya Algeria ilikuwa shida. Hapo akageuza safari yote, akaenda kuanzia Afrika Kusini. Sisi watu wa agronomia tunaelewa hiyo: kama shamba moja halijapata mvua, unaanza kupanda lenye udongo uko tayari. Lakini lile la kwanza linabaki linakungoja.

Alihesabu kwamba atamaliza kwa siku 240. Barabara ikamfundisha hesabu ingine. Angola, watu wenye silaha walimwibia yeye na wenzake. Katika pori la Congo alipotezana na gari la kikundi chake, akashikwa na watu wenye mapanga, wakamzungusha kwa moto mpaka akafikiri amekwisha kufa. Kufika Nigeria, mgongo ukamuuma mpaka akalazimishwa kupumzika. Hata hivyo alikuwa anaendelea kupanda kaskazini, inchi kwa inchi.

Kisha ile shida ya mwanzo ikarudi. Januari 2024, Algeria ilikuwa mbele yake, na visa bado hana. Bila hiyo karatasi, maelfu ya kilometa yangekatika hapo. Akaweka video kwenye mtandao wa X, akaomba msaada. Watu mamilioni wakaiona, wabunge wa kwao wakaingilia, na ubalozi wa Algeria kule London ukajibu kwamba atapewa. Tarehe 7 Aprili 2024 alifika Ras Angela: siku 352, inchi 16, kilometa zaidi ya 16,000. Mchango ulipita pauni milioni 1.

Mimi namheshimu sana. Lakini kuko jambo moja lenye Kiswahili chetu kinaonyesha wazi. Neno ni moja, kukimbia. Toka humo tunapata mkimbiaji, na toka humo humo tunapata mkimbizi. Wasahrawi wenye Cook aliwachangia ni wakimbizi. Toka vita ya 1975 wamekuwa wanaishi katika kambi za Tindouf, magharibi kabisa mwa Algeria, ndani ya jangwa. Kuko watu walizaliwa mule, wakazaa mule, na watoto wao nao wamezaa. Wanangojea kura yenye waliahidiwa mwaka 1991, siku vita iliposimamishwa.

Angalieni vizuri: mkimbiaji alikosa karatasi moja, dunia ikapiga kelele, karatasi ikapatikana. Mkimbizi naye anangojea karatasi yake toka 1975. Hiyo si kosa ya Cook. Yeye alitumia miguu yake, na tena jina lake, kwa ajili ya watu wengine. Lakini inatuonyesha kwamba mbio ya kusaidia haianzie kwenye mstari wa kwanza. Inaanzia kwa dirisha la ubalozi, na mbele ya lile dirisha watu hatuko sawa.

Sisi wa Mashariki hatuhitaji kufundishwa hiyo. Tumeona mama anakimbia na godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi. Hakuna mtu anahesabu kilometa zake, na kule anafika hakuna wa kumpigia makofi.

Basi, siku tutafanya marche yetu ya kusaidia wahamishwa wa vita, tuchangishe pesa, ndiyo, tena kwa bidii. Lakini mbele ya kuchapisha tisheti, twende kwanza kambini tuwaulize wenyewe: ni karatasi gani munakosa? Nani anakataa kuitia sahihi? Pengine kilometa ya kwanza ya mbio yetu ni kutoka pale kambini mpaka kwenye ofisi yake.