Kibla, Upepo na Mteremko: Mahali pa Choo katika Nyumba za Pwani na za Usambara

Kila kaumu ina elimu yake ya kujenga nyumba, na kila elimu ya nyumba hulazimika kulijibu suala moja ambalo watu hulionea haya: choo kikae wapi? Wachina walilijibu kwa feng shui, maneno mawili yenye maana ya upepo na maji. Wafuasi wake huusia kwamba choo kisiwe kitovuni mwa nyumba wala kisielekeane na mlango mkubwa, na mlango wake usiachwe wazi, kwani maji yatokayo huondoka na neema ya wenye nyumba. Waswahili hawakuisoma elimu hiyo, walakini walikuwa na ya kwao.

Katika mwambao, neno la kwanza ni la kibla. Adabu ya dini humtaka mwenye kukidhi haja asiielekee kibla wala asiipe mgongo. Na kwa kuwa Makka iko kaskazini ya mwambao huu, hata kibla likawa pia jina la upande wa kaskazini, choo hupangwa ili mwenye kukitumia aelekee mashariki au magharibi.

Neno la pili ni la maji. Magofu ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yanaonyesha kuwa waungwana wa mwambao walikuwa na vyoo ndani ya nyumba za mawe kabla ya kuja Wareno. Katika majumba ya Lamu, choo kilikuwa na birika lililosakafiwa kwa chokaa, na ndani yake waliwekwa vijisamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilijengewa bakuli la kaure ya China, ili maji yapunguapo samaki wapate pa kukaa. Hivyo China ilifika msalani mwa Waswahili, lakini ilifika kama chombo. Naye Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hakuona aibu kuhesabu uoshaji wa choo miongoni mwa kazi za mke mwema.

Milimani Usambara mambo yalikuwa mengine. Nyumba ya kale ya Msambaa, ya miti na nyasi, haikuwa na birika wala chumba cha kuogea. Maji yalitekwa chemchemini na haja iliendewa nje. Hata hivyo, Wasambaa walikuwa na elimu pana ya maji na ardhi. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza namna walivyoupima utawala wa Wakilindi wa Vuga kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mfalme mwenye nguvu alitarajiwa kuleta mvua. Wafalme wakigombana, nchi ilikauka. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, vita vya warithi vilionekana kuwa ndiyo maradhi yenyewe ya nchi.

Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmsthal, wakaupenda kwa baridi yake. Waingereza waliowafuata walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, wakawalazimisha wakulima kulima matuta. Katika miaka ya 1950 amri hizo zilikataliwa kwa hasira. Watu walioijua vyema thamani ya udongo wao hawakuridhia kuponyewa nchi kwa faini.

Mwaka 1973 ilikuja njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu wazima milioni 2 Tanzania nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Milimani, mafunzo ya namna hiyo yana uzito wa pekee. Pwani, jirani yuko ubavuni. Usambara, jirani yuko chini. Shimo lililochimbwa juu ya chemchemi humnywesha uchafu asiyemjua mwenye shimo, na wa kwanza kuugua ni watoto. Ndiyo maana wataalamu wa afya huagiza choo kiwe upande wa chini wa chanzo cha maji, na umbali usiopungua mita 30.

Uislamu nao ulipanda milimani, na Lushoto iko karibu kusini kamili ya Makka. Kwa hiyo Mwislamu wa huko huwa na masharti mawili, wala hayagombani: kibla humwambia akae vipi, mteremko humwambia achimbe wapi. Feng shui humwonya mwenye nyumba juu ya neema itokayo na maji. Mlima humuuliza jambo jingine: maji hayo yakishatoka kwake, yanafika kwa nani?