Nduli na Mkanda: Lugha ya Uongozi katika Vita vya Kagera

Nchini kwetu Uganda, Kiswahili kilijulikana kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari, na wazee wetu wengi wanakikumbuka kwa hofu. Insha hii inakitazama Kiswahili hicho hicho kikifanya kazi nyingine upande wa pili wa mpaka: kuliongoza taifa. Hoja yangu ni kwamba lugha yenye picha huwasukuma watu pale inapowaonyesha kazi wanayoweza kuifanya wenyewe na kuimaliza.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Tanzania, na Amin akatangaza kuwa ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa. Kiini cha hotuba yake kilikuwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia. Vyote hivyo Tanzania ilikuwa navyo. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpiga adui.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kwanza, maneno hayo ni mepesi kushika: aliyeyasikia mara moja aliweza kumsimulia jirani. Pili, alisema "kumpiga", si "kuwapiga". Adui alikuwa mtu mmoja, aliyeitwa nduli, yaani muuaji asiye na huruma. Kiambishi hicho kidogo kiliwaacha Waganda nje ya lawama. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na Watanzania, na Machi 1979 vikundi vyao vilikutana Moshi kuunda umoja wao. Wakati huo mgambo walikuwa wamejiunga na jeshi, na wananchi walikuwa wamechanga ng'ombe na vyakula. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Vita vilipokwisha, hazina ilikuwa tupu. Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Picha hiyo nayo ilieleweka, kwa kuwa kila mtu anaijua njaa. Lakini miezi 18 ilipita, na sabuni na sukari bado zilikuwa adimu madukani. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977. Mkanda ukaendelea kukazwa, na maneno yale yakabaki kukumbukwa kama ahadi isiyotimia.

Msemaji alikuwa yule yule, na lugha ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwaka 1978 wasikilizaji walipewa kazi, na mwisho wake ulikuwa mikononi mwao. Baada ya vita waliambiwa wavumilie, huku mwisho ukitegemea mambo ambayo wao wala Rais hawakuyatawala. Kwa hiyo tunapozisoma hotuba za viongozi wetu, haitoshi kusifu tamathali zake. Tuulize pia: je, anayeambiwa ana uwezo wa kutenda anachoambiwa?