Kangaruu au Mbeleko ya Kifua?

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika wodi zetu za wazazi miaka ya karibuni, hapana iliyo ngeni kwa masikio na nyepesi kwa matendo kama hii ya kangaruu. Mama aliyejifungua kabla ya siku zake huambiwa na muuguzi kwamba mwanawe atawekwa "kangaruu", naye, ambaye mnyama huyo hakupata kumwona ila pengine katika picha ya kitabu cha shule, huitikia kwa adabu, "Haya, sista," akingojea kuona ni chombo gani kitakacholetwa. Hakiletwi chombo chochote. Huletwa kanga, au leso kama wasemavyo watu wa Mombasa, na mama huambiwa afungue kifua. Mtu akidhani kwamba jina lenyewe limetokana na kanga hiyo hawezi kulaumiwa, kwani dhana yake ina mantiki kuliko ukweli.

Ukweli ni kwamba jina hilo lilitungwa Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ambako mwaka 1978 tabibu Edgar Rey Sanabria, wa hospitali ya wazazi iitwayo Instituto Materno Infantil, alikabiliwa na dhiki zilizofungamana: vichanga waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wengi kuliko mashine za joto, hata wakalazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, kwa msongamano huo wakaambukizana maradhi, na mama zao, waliotengwa nao majuma kwa majuma, wengine walirejea makwao wasionekane tena. Rey, na mwenziwe Héctor Martínez aliyeungana naye mwaka uliofuata, wakaamua kumrejeshea mama mtoto wake: akae wima kifuani, ngozi ya huyu juu ya ngozi ya yule, alishwe maziwa ya mamaye, na hali ikishatulia waruhusiwe kwenda nyumbani mapema kwa sharti la kurudi kliniki mara kwa mara. Mambo hayo matatu, yaani ngozi, maziwa, na ruhusa ya mapema yenye ufuatiliaji, ndiyo nguzo za matunzo haya mpaka leo, na kwa rai yangu mwenye kuiondoa moja hana haki ya kuyaita kwa jina lile.

Wacolombia waliyaita kwa Kihispania madre canguro, yaani mama aliye kama kangaruu, na tashbihi hiyo haikuwa mbaya. Mtoto wa kangaruu mwekundu wa Australia huzaliwa akiwa na uzito wa takriban gramu moja, hana manyoya, macho hayajafunguka, na miguu ya nyuma haijaumbika sawasawa. Hujikokota kwa mikono yake hadi ndani ya mfuko ulio tumboni mwa mamaye, akaishika chuchu, akasalia humo miezi mingi akimalizia umbile ambalo wanyama wengine hulimaliza kabla ya kuzaliwa. Neno lenyewe ni la wenyeji wa kaskazini mashariki ya Australia, wasemao lugha ya Guugu Yimithirr, ambao katika pwani yao merikebu ya Mwingereza James Cook ilitia nanga mwaka 1770 ili ifanyiwe matengenezo. Kutoka kwao likaingia katika Kiingereza, likafika kwa Wahispania, na hatimaye likatua katika wodi za Dar es Salaam na Mombasa likiwa limekwisha kuizunguka dunia.

Ili kujua kwa nini kifua cha mtu kiaminiwe kazi ya mashine, yafaa kumtazama mtoto mwenyewe. Kitabibu, aliyezaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia huhesabiwa hajatimia, na aliye chini ya gramu 2500 huhesabiwa ana uzito pungufu. Watu wa Tanzania humwita mtoto njiti, jina lisilo na huruma lakini lenye macho, maana viungo vyake ni vyembamba kweli. Ngozi yake ni nyepesi hata mishipa ya damu huonekana. Mafuta ya chini ya ngozi, ambayo aghalabu hujengeka katika majuma ya mwisho ya mimba, hana. Na kutetemeka kama sisi tutetemekavyo kwa baridi hawezi. Akiachwa wazi, joto humtoka kwa unyevu unaokauka mwilini, kwa kulazwa juu ya kitu cha baridi, kwa upepo wa dirishani, na hata kwa kuwa karibu na ukuta uliopoa ijapokuwa haugusi. Mwili unaopigana na baridi hula sukari na oksijeni, akiba ambayo kwake ni haba. Sukari ikishuka hulegea, akashindwa kunyonya, na pumzi ikaanza kukatika. Ndiyo maana muuguzi huanza na kipimajoto kabla ya mengine: kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 mtoto hana neno, na chini ya hapo pana jambo la kufanywa sasa, si baada ya chai.

Mashine ya joto, ambayo akina mama wetu huiita chupa, ni uvumbuzi wenye heshima yake. Tabibu Stéphane Tarnier aliiingiza katika hospitali ya wazazi ya Paris mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya kuona katika bustani ya wanyama ya mji huo mashine ya kutotolea vifaranga, na vichanga wasiohesabika wameokolewa nayo tangu siku hizo. Lakini chupa hutaka umeme usiokatika, fundi wa kuitengeneza, na mikono ya kuisafisha kila mara isije ikawa makao ya vijidudu. Kifua cha mama hakitaki hayo. Imethibitika kwamba joto la ngozi yake hupanda mtoto anapopoa na hushuka mtoto anapopata la kutosha, bila ya mama mwenyewe kujua kwamba anafanya kazi hiyo.

Kumfunga mtoto kifuani ni ufundi wa uuguzi wenye adabu zake, nami sioni vibaya kukaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo istilahi inapojulikana kama imefahamika au haikufahamika. Mtoto huvuliwa nguo zote, akaachiwa nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua juu ya kifua, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya pumzi isikunjike. Miguu hukunjwa na kupanuliwa kama ya chura. Kisha kanga huzungushwa ikakazwa, ukingo wake wa juu ukikoma chini kidogo ya sikio la mtoto, na sehemu iliyokazwa zaidi ikiwa juu ya kifua chake, si juu ya tumbo, kwa maana hupumua kwa tumbo. Juu ya hayo mama huvaa gauni au shati lililo wazi mbele. Muuguzi hodari haamini fundo lake mpaka amwambie mama asimame, atembee hadi dirishani na kurudi. Usiku mama hulala ameegemea mito, asilale chali kabisa.

Maziwa nayo yana elimu yake. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja ni kazi ambayo mtoto haiwezi vyema kabla ya majuma 34 hivi, basi kwa aliyezaliwa mapema zaidi mama hukamua dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano ambayo baadhi ya bibi zetu waliyamwaga kwa kuyaona machafu, naye akanyweshwa kwa kikombe kidogo au kwa mpira mwembamba upitao puani hadi tumboni.

Kwa muda mrefu ilikuwa kauli ya waganga kwamba mtoto angoje kwanza katika mashine hadi atulie, ndipo apelekwe kifuani. Kauli hiyo ilipimwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya Muhimbili ikiwa mojawapo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021: kati ya vichanga 3211 waliokuwa na kilo 1 hadi kasoro kidogo ya kilo 1.8, waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo, ilhali waliongojeshwa walikufa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana faida ilikwisha kuwa bayana na haikuwa insafu kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba matunzo haya yaanze mapema kadiri iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto ambaye hawezi kupumua mwenyewe au yu mahututi.

Sasa tulipime jina. Katika vipeperushi vyetu vingi limeandikwa "Huduma ya Mama Kangaruu", na hapa mfasiri amefuata mpangilio wa maneno ya kigeni bila ya kuusikiliza Kiswahili chake. Kwetu, Mama Mwajuma ni mwanamke aliyemzaa Mwajuma, na Mama Kangaruu hawezi kuwa ila mwanamke mwenye mtoto aitwaye Kangaruu. Fauka ya hayo, jina hilo humfungia nje baba, bibi na khalati wa mtoto, ambao kifua chao kina joto vilevile, na ambao mama aliyepasuliwa anawahitaji sana siku zile za kwanza.

Wengine wamependelea "ngozi kwa ngozi". Ni maneno mazuri, walakini yamekwisha kupewa kazi nyingine: ndiyo yatumikayo kwa kila mtoto, aliyetimia na asiyetimia, anapolazwa juu ya mamaye kwa saa ile ya kwanza baada ya kuzaliwa. Tukiyatumia kwa yote mawili, mama wa mtoto wa kilo moja na nusu atadhani kwamba saa moja inatosha. "Kupakata" nako ni kwa muda, mtu akishachoka humweka mtoto chini.

Limebaki neno ambalo pwani imekuwa nalo tangu zamani, nalo ni mbeleko, nguo ya kumwelekea mtoto. Heshima ya nguo hiyo ilikuwa kubwa hata katika mila za harusi, pamoja na kilemba cha baba na mkaja, ambao asili yake ni nguo ya kumfunga tumbo mzazi, kulikuwa na ubeleko, ada apewayo mama wa bibi harusi kwa sababu ndiye aliyemweleka. Najua hoja ya wapinzani: mbeleko ni ya mgongoni, na wahenga wamesema kwamba mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina, ilhali mtoto wetu huyu hatazami kisogo, amelala juu ya moyo. Hoja hiyo ni ya kweli, na tena ina hatari ndani yake, kwani mama akiambiwa mbeleko peke yake atamvika mtoto sweta mbili na kumtia mgongoni. Kwa hiyo sisemi mbeleko tupu. Nasema mbeleko ya kifua, maneno mawili ambayo la kwanza hutaja nguo anayoijua kila mwanamke, na la pili humwonyesha mahali.

Hata hivyo maneno hayo hayatamvua mtoto nguo. Hilo litabaki kuwa kazi ya muuguzi, kila siku na kwa kila mama, mpaka mtoto akaribie gramu 2500 na kuanza mwenyewe kupiga mateke akidai kutoka. Vyuo vya uuguzi na viendelee kusomesha kangaruu, kwa sababu wanafunzi watakutana nalo katika vitabu vya dunia nzima. Lakini wenye kuchapa kadi za kliniki na mabango ya wodini nawaomba waandike hivi: mbeleko ya kifua, mtoto avuliwe nguo abaki na nepi, kofia na soksi, usiku na mchana, na baba naye anaweza.