Miaka Sitini ya Swali Lisilojitosheleza

Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta moja ya bei kubwa sasa iliweza kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja ameketi mbele ya taipureta iliyounganishwa nayo kwa waya. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na mafaili yake, kila mtu alihitaji kufuli lake. Neno la siri likaingia katika maisha ya kompyuta, na pamoja nalo lile swali fupi: mashine inachapa neno moja, inanyamaza, inasubiri ujibiwe.

Ufupi huo haukuwa kosa. Aliyeulizwa alimjua anayemuuliza, maana mashine ilikuwa moja. Alijua pia anaulizwa siri ipi, maana alikuwa nayo moja tu. Kasoro ilikuja baadaye: mashine ziliongezeka, siri zikaongezeka, waulizaji wakawa wengi, swali likabaki vilevile.

Wahandisi wa mwanzo walihangaikia jibu kuliko swali. Taipureta nyingine hazikuweza kuzuiwa zisichape anachoandika mtu, kwa hiyo mfumo wa Multics, mrithi wa CTSS, ulichapa kwanza herufi juu ya herufi mpaka sehemu hiyo ya karatasi ikawa nyeusi, na mtumiaji akaandika neno lake juu ya weusi huo. Hila nzuri, lakini siri zilikuwa zikivuja kwa njia nyingine. Mwaka 1962 Allan Scherr, mtafiti wa MIT aliyeona saa alizopangiwa hazimtoshi, aliiagiza mashine imchapie faili lote la maneno ya siri, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye. Kisha siku moja wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mafaili yao yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia kwenye CTSS akapokewa na orodha nzima ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing.

Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969, ulirithi swali lile na kulieneza duniani: "login:" kisha "Password:". Ukikosea, unajibiwa "Login incorrect" na basi. Huambiwi kama ulichokosea ni jina au ni neno la siri, na ukimya huo ni wa makusudi. Robert Morris na Ken Thompson walieleza katika makala yao ya mwaka 1979 kwamba hapo awali mtu akitaja jina lisilokuwepo, mashine haikujisumbua kukokotoa neno lake la siri, kwa hiyo ilijibu upesi zaidi. Mdukuzi makini angepima muda tu akajua majina yapi ni ya kweli. Wakaifanya ikokotoe kila mara, jina liwepo lisiwepo. Ningewaunga mkono bila masharti, ila desturi ya ukimya huo imeigwa na tovuti nyingi ambazo ukurasa wao wa kujisajili unakwambia waziwazi kuwa anwani hiyo ya barua pepe tayari ina akaunti. Hapo mlinzi amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi, na anayeteseka ni mteja halali asiyejua amekosea wapi.

Ndani ya Unix huohuo ndipo mkanganyiko wa maswali ulipokomaa. Amri iitwayo su ilikupeleka kwenye akaunti ya mtu mwingine, mara nyingi ya msimamizi mkuu, na ilitaka neno la siri la huyo mwingine. Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa chuo kikuu cha jimbo la New York kule Buffalo waliandika sudo, ambayo siku hizi hufanya kazi inayofanana lakini hutaka neno la siri lako wewe. Amri mbili, siri mbili tofauti, na kwa miaka mingi swali moja lisilobadilika hata herufi: "Password:". Mgeni wa mfumo aliweza kuandika neno sahihi mara tatu na kukataliwa mara tatu, kwa sababu lilikuwa sahihi kwa swali jingine. Matoleo ya sudo tuliyozoea kwenye Linux hutaja jina la amri na la mtumiaji kabla ya kuuliza. Ni badiliko la maneno machache, na lilipaswa kuja mapema zaidi.

Kwa nini lilichelewa? Sababu moja ni kwamba swali hilo lilikuwa likisomwa na mashine pia. Don Libes, wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alitoa programu ya Expect mwaka 1990. Kazi yake ni kukaa badala ya binadamu, kusoma kinachoulizwa na kujibu. Waandishi wa hati zake za amri waligundua kwamba mifumo mingine huuliza kwa herufi kubwa na mingine kwa ndogo, kwa hiyo wakazoea kuiagiza isubiri "assword:", herufi ya kwanza imekatwa. Hati za namna hiyo bado zinafanya kazi hadi leo. Ukitaka kuona gharama ya kutokubaliana hata juu ya herufi moja, iko hapo.

Swali la kupigiwa mfano lilitoka Finland. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, aliandika SSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta iliyo mbali, baada ya wadukuzi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita kwenye mtandao wa chuo. SSH inapotaka neno la siri la seva, hutaja jina la mtumiaji na la seva. Inapotaka kifungu cha siri kinachofungua ufunguo uliohifadhiwa kwenye kompyuta yako, hutumia istilahi nyingine na kutaja faili la ufunguo huo. Huwezi kuchanganya.

Matapeli hawakuhitaji kusubiri wahandisi waelewane. Katikati ya miaka ya 1990, wateja wa kampuni ya intaneti ya AOL kule Marekani walipokea ujumbe wa watu waliojifanya wafanyakazi wa kampuni, wakiombwa "kuthibitisha" maneno yao ya siri. Wengi walitoa, walikwishazoea kuulizwa bila maelezo. AOL ililazimika kuwatangazia kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayewaomba neno hilo. Microsoft, kwa upande wake, ilipotoa Windows NT mwaka 1993 ilimtaka mtumiaji abonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja kabla ya kuulizwa, kwa kuwa programu ya kawaida haiwezi kuzinasa funguo hizo na kuleta dirisha bandia. Watu wengi walidhani ni usumbufu tu, na sishangai, maana hawakuelezwa vya kutosha.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi walikutana na swali hili kwenye simu kabla ya kompyuta. Laini ina namba yake ya siri, na ukiikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba nyingine ya kuifungua, PUK. Kisha M-Pesa ikaanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, nayo ina namba yake ya siri. Mzee anayeambiwa tu "weka PIN" ana haki ya kuuliza: ipi? Afadhali malipo ya M-Pesa yanayojitokeza yenyewe kwenye simu unaponunua kitu mtandaoni: hutaja kiasi na jina la biashara kwanza, ndipo yadai namba.

Upande wa kukataliwa nao ulikuwa na ukimya. Mwongozo wa NIST wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliofanyiwa kazi na Bill Burr, ulieneza masharti ya herufi kubwa, tarakimu na alama, na madirisha mengi yalimfichulia mtu masharti hayo moja baada ya jingine, kila akikosea. Burr alisema hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwongozo mpya wa mwaka huo uliyaacha masharti hayo na kuagiza mtu aambiwe sababu neno lake likikataliwa.

Programu za Kiswahili zimeurithi mzigo huu na kuongeza wake. Utabadilisha "nenosiri" kwenye ukurasa mmoja, ukurasa unaofuata ukudai "nywila", na ujumbe wa simu ukutajie "neno la siri", yote matatu yakiwa kitu kimoja. Anayetengeneza programu kwa ajili yetu na achague moja, alitumie mwanzo hadi mwisho, na alitangulizie jina la huduma na la akaunti. Gharama yake ni mstari mmoja wa maandishi.